Tupeane uzoefu: unashuti vipi na hili jua letu la Kisumu, Nakuru na magharibi?

Wadau, mafunzo mengi ya video yanatoka Ulaya na Marekani ambako kuna misimu jua la jioni linakawia hapo chini, sisi tuko karibu na ikweta linashuka wima, ukisema ngoja ninywe chai kwanza giza limeingia. Mimi nikiwa na maharusi pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nafika saa kumi, naweka stendi, nasawazisha mstari wa maji maana ziwa likiinama hata kidogo kila mtu anaona. Mawingu yakiwa poa mstari unakaa theluthi ya chini ya picha, nikitaka mitumbwi unapanda theluthi ya juu, ila mstari usikate mtu shingoni jamani. Zile shoti za maana ni kuanzia saa kumi na mbili hivi. Nyinyi je?

Wa Kakamega: Mimi napenda sana kushuti mchezo wa mafahali. Kabla hawajakutana nachagua upande mmoja wa uwanja na sitoki, lenzi ndefu, maana fahali akishindwa anatimka popote. Wakishakabana vichwa kuna mstari wa kufikirika kati yao, ukienda ng'ambo yule aliyekuwa anasukuma kulia sasa anasukuma kushoto na mtazamaji hajui tena nani anashinda. Lazima uvuke? Basi vuka huku unarekodi, ama weka katikati shoti ya isukuti, ile ngoma ya Waluhya, nenda karibu kabisa na mkono wa mpigaji mpaka ngozi ya ngoma ionekane ikitetemeka, ukirudi kwa fahali macho yameshasahau upande.

Nakuru, kazi za kanisani: Ile michirizi myeusi inayotembea kwa video za ukumbini ni taa. Stima yetu ni hezi 50, zile taa za tyubu zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, so weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ama 1/100 ya sekunde. Simu nyingi zinakuja na fremu 30, ikichagua 1/60 haipatani na stima ya huku. Kuna kwaya ilikuwa imeambiwa na fundi inunue kamera mpya, nikabadilisha shata mbele yao ikatulia papo hapo. Iliniuma, hiyo ni pesa ya harambee.

Dada wa Kondele: Naongezea kwa huyo wa Dunga. Ngozi yetu mbele ya maji yanayong'aa, kamera ikiwa otomatiki inapima maji na uso unabaki kivuli. Gusa uso kwa skrini ushikilie mpaka eksposha, yaani kipimo cha mwanga, ijifunge, anga ikiungua kidogo ikawa nyeupe tupu iungue, watu wanataka kujiona. Pia karatasi ya manila nyeupe ya dukani, mtu aishike chini ya kifua mwanga urudi usoni. Na mvuvi akiangalia kulia mwachie nafasi kulia, tafadhali.

Wa Kakamega: Dadangu hiyo manila inasaidia hata msituni? Pale jua linapenya kwa madoadoa, shavu moja linawaka lingine giza.

Dada wa Kondele: Msituni hapana, itaongeza doa. Subiri wingu lipite juu, ama msogeze mtu pahali kivuli kimejaa, halafu hakikisha nyuma yake hakuna tundu la anga.