Naomba ushauri: kutembea kwa miguu kutoka Kibirizi hadi Mtanga

Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma mjini, mwezi ujao nataka kutembea kando ya Ziwa Tanganyika kutoka Kibirizi kwenda kaskazini, nipite Kalalangabo hadi Mtanga, jirani na Hifadhi ya Gombe. Hifadhini siingii. Ni siku moja tu, mimi na shemeji yangu.

Tulijaribu mara moja tukaishia njiani. Tulianza saa nne, kosa letu la kwanza. Tangu maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021, sehemu nyingine hakuna tena ufukwe, unapanda mlima kwa njia ya mbuzi halafu unateremka tena kwenye kokoto. Soli ya raba yangu ikabanduka, nikaifunga kwa kamba ya wavu niliyookota. Mbele tukakuta dagaa wameanikwa mpaka ukingoni mwa maji. Mama mmoja akatuonyesha juu kwa kidole: "Wanangu, hapo mnakanyaga ada za shule." Tukazunguka. Mchana jua la ziwani likatuunguza shavu la kushoto, tukageuza.

Sasa wenyeji, tukiondoka alfajiri tutafika kabla ya jua kuwa kali? Njia ya juu ya vilima ni nafuu, au inapotea kwenye mashamba ya mihogo? Na kurudi, boti za abiria zinapita Mtanga jioni, au tujiandae kuomba hifadhi kwa mwenyekiti wa kijiji? Shemeji haogelei, kwa hiyo mtumbwi mdogo msinishauri.