Nani aliiangusha Goguryeo: Silla, au wana wa Yeon Gaesomun?

Wanajamvi, jana ilitolewa hoja hapa kwamba Silla, mojawapo ya falme tatu za Korea ya kale pamoja na Goguryeo na Baekje, ni msaliti: ilikwenda kuwaita Watang, nasaba iliyotawala China, wakaja kummaliza jirani yake Goguryeo mwaka 668. Wakorea wengi tu husema hivyo, na huko Korea Kaskazini hawatambui kabisa kwamba Silla iliiunganisha Korea. Mimi nakataa.

Turudi 642. Baekje imeiteka ngome ya Daeya ya Silla, na binti wa Kim Chunchu, mkuu wa ukoo wa kifalme wa Silla, ameuawa humo pamoja na mumewe. Samguk Sagi, kitabu cha kale cha historia ya Korea, inasimulia kuwa habari zilipomfikia baba huyo alisimama ameegemea nguzo kutwa nzima bila kupepesa jicho, watu wakimpita mbele asiwaone. Kisha akaenda kuomba jeshi. Wapi? Si China. Alikwenda Goguryeo! Akaambiwa rudisheni kwanza ardhi yetu ya ng'ambo ya mlima Jungnyeong. Alipokataa akawekwa kizuizini.

Alichomoka kwa hadithi. Afisa mmoja wa hukohuko alimsimulia kisa cha sungura aliyebebwa na kobe kupelekwa baharini akatolewe ini, sungura akasema ini ameliacha chini ya jiwe, warudi akalichukue. Sisi tuliokua na kisa cha kima na papa, moyo umebaki mtini, tunakijua kisa hiki. Kim Chunchu akaelewa, akaahidi ardhi, akaachiwa. Kwa mfalme wa Tang alikwenda 648, baada ya mlango wa jirani kufungwa.

Sasa anguko lenyewe. Goguryeo haikuwa nyonge. Mwaka 612 pale mto Salsu, katika askari 305,000 wa Sui, nasaba ya China kabla ya Tang, kumbukumbu zinasema walirudi 2,700. Mwaka 645 Taizong, mfalme wa Tang, mwenyewe aliizingira ngome ya Ansi, akageuza. Kilichobadilika ni kifo cha Yeon Gaesomun, mbabe wa kijeshi aliyeishika Goguryeo. Mwanawe mkubwa, Namsaeng, alitoka kukagua ngome. Nyuma yake wadogo zake Namgeon na Namsan wakaushika mji mkuu, Pyongyang. Akakimbilia Tang, akarudi na majeshi yao. Baba yao mdogo naye akajisalimisha kwa Silla na miji 12. Na lango la Pyongyang lilifunguliwa kutoka ndani, na mtawa ambaye Namgeon mwenyewe alimkabidhi mambo ya jeshi.

*Mchangiaji:* Mkuu, unamtetea Silla kupita kiasi. Tang kila mara walikwamishwa na njaa na baridi. Nani aliwapelekea nafaka hadi karibu na Pyongyang mwaka 662? Kim Yusin, jenerali wa Silla. Bila tumbo kushiba hakuna kuzingira mji.

*Mleta mada:* Hapo umenibana, na nakubali nafaka ilipelekwa. Ila malizia habari: Watang walipoipokea walifungasha, wakarudi kwao kwenye theluji ileile. Walikula wakashiba, na Pyongyang ikabaki imesimama miaka sita zaidi. Halafu kuanzia 670 Silla hiyohiyo ikapigana na Tang hadi 676, ikamhifadhi Anseung wa ukoo wa Goguryeo na kumpa cheo cha ufalme. Wewe unayemwita Silla msaliti, Namsaeng unamwita nani?