Mjadala: Mabasi ni yale yale, je yaende kila mtaa mara chache au yapite ruti chache kila dakika 10?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Jiji lolote likiandika mpango wa usafiri wa umma wa miaka 10 au 20 hukosi kukuta mule ndani kuna sentensi ya "huduma ya haraka, ya uhakika na inayomfikia kila mwananchi", na mi naona ugomvi wote umejificha hapo, kwasababu hizo ni ahadi mbili zinazogombania basi moja na hakuna anayetaka kulisema mezani. Basi likizunguka kila mtaa haliwezi kupita kila dakika 10, na likipita kila dakika 10 haliwezi kuzunguka kila mtaa, labda bajeti iongezwe mara tatu na sote tunajua haiongezwi.

Hesabu yake haina uchawi. Chukua ruti ambayo basi likienda na kurudi linatumia saa moja. Ukitaka mabasi yapishane kwa dakika 10 unahitaji mabasi 6, ukiridhika na nusu saa unahitaji 2 tu. Kwahiyo jiji lenye mabasi 60 barabarani linaweza kuwa na ruti 10 za dakika 10 au ruti 30 za nusu saa. Ile ramani ya ruti 30 inapendeza sana ukutani, mistari imejaa kila kona na kila diwani anaona eneo lake limepitiwa, lakini abiria anayefika kituoni bila kuangalia ratiba anasubiri kwa wastani nusu ya huo muda, yaani dakika 15 badala ya 5, na kama safari yake ni ya kubadilisha basi anasubiri 15 nyingine, hapo nusu saa nzima imeisha kwa kusimama na bado hujaweka muda wa ndani ya basi. Mtu wa hivyo akipata vijisenti kidogo ananunua pikipiki na humuoni tena kituoni.

Houston ya Marekani walifanya kitu ambacho naona ndo kilipaswa kuwa hatua ya kwanza kila mahali. Kabla hawajachora mstari wowote, bodi ya usafiri ilibanwa ijibu swali moja tu: pesa ya kuendesha mabasi, asilimia ngapi ifuate abiria walipo wengi na asilimia ngapi iende kufikia maeneo hata kama abiria ni wa kuhesabu? Wakajibu 80 kwa 20. Mshauri wao alikuwa Jarrett Walker, na swali hili amelizungusha miji mingi. Agosti 2015 ruti karibu zote zikabadilishwa kwa usiku mmoja, zikanyooshwa, zinakatana, nyingi zinapita kila dakika 15 mpaka wikiendi, na bajeti ya uendeshaji ikabaki karibu ile ile. Abiria wa Jumamosi na Jumapili ndo walioongezeka sana.

Msimamo wangu: hiyo namba itajwe hadharani kabla ya ramani, na sehemu kubwa iende kwenye ruti chache za mfululizo. Leteni hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada umeandika vizuri ila umeandika kama mtu mwenye miguu miwili mizima. Ukinyoosha ruti maana yake kuna vituo unavifuta, na unaposema "atembee kidogo mpaka barabara kubwa" naomba uniambie anayetembea ni nani. Ni mzee mwenye magoti mabovu, ni mtu wa kiti cha magurudumu, ni mama kabeba mtoto na mzigo mvua inanyesha na njia ya waenda kwa miguu haipo kabisa.

Alafu hao wanaokaa pembezoni hawakwenda huko kwa kupenda upepo, kodi ya nyumba katikati iliwashinda. Kwahiyo mpango wa "fuata abiria wengi" unamuadhibu mtu mara mbili, kwanza alisukumwa na kodi, sasa na basi unamnyang'anya.

Na hicho kipimo chenu cha abiria wengi nacho kinapotosha. Ruti inayopita mara nne kwa siku itapataje abiria? Mnaipa huduma mbovu miaka 5, mnahesabu watu, mnakuta wachache, mnasema "mnaona, hakuna uhitaji", mnafuta. Na mnahesabu saa ngapi? Wapangaji wengi akili yao ipo kwa mfanyakazi anayeenda katikati ya jiji asubuhi na kurudi jioni. Wanawake kwa sehemu kubwa hawasafiri hivyo, safari zao ni fupi fupi zimeunganishwa, mtoto shule, sokoni, hospitali kumuona mgonjwa, kazini nusu siku, na nyingi ni saa zisizo na msongamano, ambazo nyie mnaziita saa za kulala. Vienna ya Austria walianza kuliangalia hili miaka ya 1990 walipowauliza watu wanavyosafiri wakaona wanaume na wanawake wanatumia jiji tofauti kabisa. Ramani yako ya ruti 10 zote zikielekea katikati ya jiji haiwasaidii hawa hata basi likipita kila dakika 2.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana mabasi karne hii?? Jengeni treni ya chini ya ardhi jiji zima tumalize. Miji yote mikubwa inayoheshimika ina metro.

Mchangiaji wa tatu:
Mkuu hapo juu, metro ni nzuri na kuna njia ambazo abiria wake hawabebeki na basi lolote, sikatai. Ila usiiingize kwenye mpango kwa kuangalia picha za wenzetu. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa miradi mikubwa, na wenzake walipitia miradi ya reli ya nchi nyingi wakakuta gharama zilipita makadirio kwa wastani wa asilimia 45 hivi, na abiria waliotokea kweli walikuwa pungufu kwa karibu nusu ya waliotabiriwa. Gharama juu, abiria chini, kwenye mradi mmoja! Huo siyo mkosi, utabiri unapikwa ili mradi upite. Hong Kong metro yao inajilipa kwasababu shirika la reli lilipewa haki ya kujenga juu ya stesheni na kando yake, kwahiyo faida ya ardhi kupanda thamani inarudi kwenye reli badala ya kuishia kwa madalali. Kama jiji lako limeshagawa ardhi yote ya kando ya njia kabla reli haijafika, hiyo biashara huna.

Nirudi kwenye mada, maana naona wote wawili mmeruka kitu kikubwa kuliko hiyo 80 kwa 20 yenu. Mleta mada amesema ruti ya saa moja inataka mabasi 6. Sawa. Sasa foleni ikifanya ile saa moja iwe saa moja na nusu, kupishana kwa dakika 10 kunataka mabasi 9. Mabasi matatu, madereva wake na mafuta yake, yote yamemezwa na foleni na abiria hajapata hata dakika moja ya nafuu. Ukiyapa mabasi leni yao wenyewe unayarudisha yale matatu, na hayo ndo unaweza kuyapeleka huko pembezoni kwa mchangiaji wa kwanza. Kwahiyo ugomvi wa mtaa na mtaa kwa sehemu kubwa umetengenezwa na magari binafsi yaliyokaa katikati ya barabara na dereva peke yake ndani.

Curitiba ya Brazil wamelijua hili tangu 1974, enzi za meya Jaime Lerner, wakayapa mabasi njia zake kwenye barabara kuu na wakaruhusu maghorofa marefu yajengwe kando ya njia hizo hizo, basi na nyumba vikapangwa pamoja. Bogotá ya Colombia wakaja Desemba 2000 na TransMilenio, mfumo wa mabasi yenye njia zake, chini ya meya Enrique Peñalosa, wakaweka na leni ya kupitana vituoni, ikafika kubeba zaidi ya watu elfu 40 kwa saa kwa upande mmoja, namba ambayo reli nyingi haziifikii. (Ndiyo najua inajaa mpaka watu wanagombana, na Bogotá wenyewe sasa wanajenga metro. Kujaa siyo dalili kwamba watu hawakuitaka.)

Ila leni inataka ujasiri wa kisiasa. Delhi ya India walifungua kipande cha leni ya mabasi kisichofika kilomita 6 mwaka 2008, wenye magari wakapiga kelele kuanzia siku ya kwanza, mwaka 2016 wakaanza kukibomoa. Kipande kifupi hakimpunguzii abiria muda wa kutosha mpaka naye apige kelele za kukitetea.

Mchangiaji wa nne:
Nyote mnapanga mabasi kama vile mabasi ni yenu. Kwenye miji mingi gari ni la mtu, dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni na kinachobaki ndo chake. Huyo hata umchoree ratiba ya dhahabu hatoki kituoni mpaka gari lijae, na ukimpa ruti ya pembezoni saa nne asubuhi anakata ruti anageuzia njiani. Siyo roho mbaya, analipwa kwa kichwa cha abiria.

Seoul ya Korea Kusini walikuwa na makampuni binafsi yanayokimbizana na abiria namna hiyo hiyo, mwaka 2004 wakageuza. Makampuni yalibaki na mabasi yao lakini ruti, ratiba na nauli vikawa vya jiji, na malipo yakawa kwa kilomita basi lilizotembea badala ya vichwa. Siku za mwanzo kadi za nauli zilisumbua na watu walimtukana sana meya, Lee Myung-bak, ambaye baadaye akawa rais wa nchi. Ukishalipa kwa kilomita ndo unaweza kuongea 80 kwa 20 au 50 kwa 50. Kabla ya hapo ni hadithi. Na jiji likishachukua nauli likaanza kuwalipa wenye mabasi, mwezi likichelewesha malipo mabasi yanapaki, kwahiyo ruzuku iwekwe kwenye bajeti kabisa, siyo ahadi ya kwenye hotuba.

Mchangiaji wa tano:
Na nauli je? Mbona hamgusi? Wafanye bure tu kama Tallinn ya Estonia!

Mleta mada:
Wa tano, Tallinn walifanya bure kwa wakazi mwaka 2013 na magari binafsi hayakupungua kiasi hicho mnachodhani, sehemu ya abiria wapya walikuwa watu waliokuwa wanatembea kwa miguu. Bure inamsaidia asiye na kitu, hilo ni jambo jema kwa haki yake, lakini basi la bure linalokuja baada ya nusu saa bado ni nusu saa. Tuliache hilo.

Wa tatu na wa nne mmenifungua, leni na mkataba vitangulie, sina ubishi. Kwa wa kwanza sasa. Dada (au kaka, nisamehe kama siyo), mi sijasema pembezoni wasipate kitu. Nasema ile 20 iitwe kwa jina lake, ni huduma ya jamii, ipimwe kwa watu wangapi wamefikiwa na isije ikafutwa kesho kwa kisingizio kwamba haina abiria. Sasa hivi inachanganywa kwenye chungu kimoja, ndo maana kila akija mkaguzi wa mahesabu anazikuta ruti zenu ndo za kwanza kukatwa. Kuhusu ruti zote kuelekea katikati upo sahihi, ndo maana nikataja zinazokatana, ili mtu atoke pembeni aende pembeni bila kupitia mjini. Ila kukatana kunafanya kazi pale tu zote mbili zinapita mara kwa mara.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada ni sawa. Tatizo langu ni nani anakaa kwenye hicho chumba wakati namba inatajwa. Wa pembezoni hawamo. Kama mna uhakika na mambo yenu fanyeni kama Stockholm ya Sweden, walijaribu tozo ya magari kuingia mjini kuanzia Januari mpaka Julai 2006, tena waliongeza mabasi kabla ya kuanza kutoza, Septemba wakapiga kura, wenye jiji wakakubali na 2007 ikawa ya kudumu. Kabla ya majaribio wengi walikuwa wanaipinga.

Mleta mada:
Majaribio nakubali ila miezi 7 haitoshi kwa ruti za mabasi. Dereva wa gari tozo inamgusa asubuhi ile ile, lakini mtu kuhama kutoka pikipiki kwenda basi anasubiri kwanza aone kama hilo basi litakuwepo mwakani. Nataka miaka miwili, na kwa muda huo ruti za zamani za pembezoni zisifutwe.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo ndo nilikuwa nakusubiri. Utaziendesha kwa mabasi yapi?

Mleta mada:
Yale matatu matatu ya mchangiaji wa tatu yakiokolewa kwenye foleni, na pesa ya maegesho. Vienna waliposhusha tiketi ya mwaka mzima ikawa euro 365 mwaka 2012, walikuwa na pesa ya maegesho na kodi wanayolipa waajiri pembeni yake, haikutegemea nauli peke yake.

Mchangiaji wa nne:
Maegesho sawa, ila iandikwe kwenye sheria kabisa. London walipoanza kutoza magari 2003 sheria ilitaka mapato yale yaende kwenye usafiri. Ikiingia mfuko mkuu wa jiji hamtaiona, itajenga ukumbi wa mikutano. Na kabla ya hapo mtuambie magari ya wakubwa wa jiji yataegesha bure au yatalipa.