Kampuni za kujenga seti za TV (mandhari ya studio) zilitokea wapi?

Mdadisi: Wakuu, mbona kampuni zinazojenga studio za vipindi ndizo hizohizo zinazojenga majukwaa ya mikutano na maonyesho? Zilianza na lipi?

Seremala_Mstaafu: Zilianza na maigizo, mkuu. Ukuta wa jukwaani ulikuwa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa na kupakwa rangi. Mwepesi, unabebeka. Televisheni ikarithi mafundi haohao. BBC walipofungua Television Centre, London, mwaka 1960, karakana ya mandhari ilikuwa palepale, studio zimezunguka kwa duara, seti zinaingizwa kwa upande wa nje. Kwenye TV plaiwudi ikashika nafasi ya kitambaa: mwigizaji akibamiza mlango, kitambaa kinatikisika, na kamera haina huruma.

Mdadisi: Na rangi je?

Seremala_Mstaafu: Enzi za nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani vingeweza kutoka kijivu kilekile. Chaneli ya BBC2 walipoanza kurusha rangi 1967, ujanja wa kupaka rangi yoyote ukaisha. Ila kilichotutesa sisi ni HD, picha kali zaidi! Kichwa cha skrubu kinaonekana kutoka sebuleni kwako.

FundiUmeme: Kuhusu mikutano na maonyesho: vituo vingi vya TV vilipunguza karakana zao, kazi zikaenda kwa kampuni za nje. Kampuni hizo hazina mshahara wa kituo, msimu wa vipindi ukiisha lazima mafundi wapate kazi.

Seremala_Mstaafu: Kweli. Na ujuzi ni uleule: jenga karakanani, vunja vipande vipite mlangoni, unga usiku, bomoa kesho yake. Siku hizi skrini za LED zimekula nusu ya kazi ya wapaka rangi, lakini hata skrini inahitaji kiunzi.