Tupeane uzoefu: Kutoka Nairobi hadi kazi ya tagi, mlianzaje?

Mchomeleaji wa Kayole:
Wakuu, salamu. Nina miaka 23, nachomelea mageti hapa Kayole. Disemba nilishuka Mombasa kwa mazishi. Nikiwa kwenye feri ya Likoni nikaona kiboti kifupi, kinene, kimefungwa kamba nyuma ya meli ya makontena, kinaifuata kama mchungaji na ng'ombe mmoja mkubwa. Mzee aliyesimama kando yangu akaniambia hiyo ni tagi, boti ya kuvuta na kusukuma meli kubwa. Tangu siku hiyo sijatulia. Kwetu hakuna baharia hata mmoja, na kuogelea sijui. Mliopita njia hii, mlianzia wapi?

Mlikoni wa South B:
Karibu kaka. Mimi nilikuwa mtu wa deki miaka tisa kabla goti halijanirudisha bara. Anza na mafunzo ya msingi ya usalama, yale ya STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia. Bila hayo hupandi chombo. Ni mambo manne: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wenzako kazini. Bandari Maritime Academy pale Mombasa wanafundisha. Kwenye hilo la maji utaruka kutoka juu ukiwa na jaketi la kuokolea, kisha ugeuze rafti iliyopinduka. Kwa hiyo tafuta bwawa Nairobi sasa hivi, usingoje.

Kazi yenyewe ni kamba. Miezi yangu ya kwanza nilikwangua kutu, nikapaka rangi, nikaosha deki, nikachemsha chai. Siku niliyoruhusiwa kushika kamba ya meli, ile nyembamba yenye fundo zito mwishoni ilirushwa kutoka juu, nami nikanyoosha mikono niidake kama mpira. Sarahangi, mkuu wetu wa deki, alinivuta kwa kola. Fundo likatua kwenye chuma, ngo! Akasema, "Liache lianguke kwanza, ndipo uokote." Unaifunga hiyo nyembamba kwenye kamba kubwa, wa juu wanaivuta. Kisha unaondoka hapo. Kamba kubwa ikikazwa na kukatika, inarudi kwa nguvu ya kuvunja miguu. Na tagi ikivutwa kwa ubavu na meli inayotembea, inaweza kupinduka kabla hujamaliza kupiga kelele. Ndiyo maana nahodha akisema toka deki, hakuna mjadala.

Binti Grogan:
Mimi nilipitia injini. Nilikuwa fundi wa matatu, Grogan, mikono myeusi kila siku, na mama akilalamika. Nilianza kama mpanguza mafuta chumba cha injini, cheo cha chini kabisa. Dizeli ni dizeli jamani, ila hii unaingia ndani yake! Kilichonishangaza ni rafadha, yale mapanga ya chini yanayosukuma boti: kwenye tagi nyingi za kisasa zinazunguka nyuzi 360, ndiyo maana boti inaenda ubavu kama kaa. Wewe kijana unachomelea, hiyo ni mali. Waambie.

Kuwa mwanamke? Walinipima wiki mbili, kisha pampu ikaziba usiku wakaniita mimi.

Niliyelizwa River Road:
Nisomeni mimi sasa. Ajenti mmoja, ofisi ghorofa ya tatu, picha za meli ukutani, alichukua 60,000 zangu za "kuunganishwa na kazi Dubai". Niliporudi wiki ya pili nikakuta wanashona sare za shule. Baadaye ndipo nikajua mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unacholipia ni cheti cha afya, kitabu chako cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Ajenti yeyote, uliza kwanza leseni yake kwa Kenya Maritime Authority.

Mchomeleaji wa Kayole:
Pole sana mkuu. Nilikuwa nimeshaanza kuzungumza na mmoja wa aina hiyo. Nimemfungia namba. Nauza mashine moja, nipande treni Syokimau mwezi ujao nikajiandikishe.

Shati la Kijani:
Usiuze mashine bado! Mimi nililipa karo, nikalipa chumba Changamwe, kisha daktari wa mabaharia akafungua kile kitabu cha vidoti vya rangi. Ukurasa wa pili, aliona namba, mimi niliona vidoti tu. Miaka 26 sikujua kwamba nyekundu na kijani zinanichanganya. Taa za vyombo usiku ni nyekundu kushoto, kijani kulia, kwa hiyo deki ikanifungia mlango hapo hapo. Siku hizi napika kwenye meli, nashukuru, lakini karo ile ilienda. Pimwa macho hapa Nairobi kwanza.

Mchomeleaji wa Kayole:
Na haya macho yangu ya kuchomelea, lo. Kesho asubuhi naenda. Mashine ibaki.