Kutia alama kwenye vyombo vya mti vilivyokerezwa: wino, chapa, kalamu ya moto au kuchonga?

Mkerezaji wa Chwaka
Assalaam alaykum, mafundi. Ninakereza mabakuli na vinara kwa mwembe, mfenesi na mara mojamoja mpingo, na nataka kila chombo kitoke karakanani kikiwa na jina langu, aina ya mti na mwaka. Wino ni rahisi kuliko njia zote, lakini kwenye mti mtupu husambaa kwa kufuata nyuzi hadi herufi ndogo zikaungana. Chapa ya chuma inayopashwa moto hutoa alama ileile kila mara, ila hutaka pahala bapa, na vitako vya mabakuli yangu vina mbonyeo. Kalamu ya moto ya umeme huandika popote kwa mwandiko wa fundi mwenyewe. Leza ni safi sana, lakini mashine yake ni ghali. Wenzangu mnaegemea wapi, na kwa sababu gani?

Fundi wa Wete
Wa alaykum salaam. Kwa mwembe na mfenesi sioni haja ya kupita kalamu ya moto. Alama itiwe baada ya msasa wa mwisho na kabla ya mafuta au vanishi, kwa kuwa ncha ikipita juu ya vanishi huichemsha, hutoa moshi mbaya na kuacha mapovu pembeni mwa herufi. Mnazi ndio unaosumbua: nyuzi zake nyeusi ni ngumu na zimelala ndani ya nyama laini, kwa hiyo ncha huzama hapa na kuruka pale. Huko mimi hutumia chapa.

Mwenye duka, Mji Mkongwe
Nawaomba mafundi msiache kuandika aina ya mti. Mgeni akishika bakuli, jambo la kwanza analofanya ni kuligeuza. Kwa mpingo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu tangu mwaka 2017 karibu jamii yote ya *Dalbergia*, ambayo mpingo ni mmoja wao, imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na msafiri anayeweza kueleza amebeba mti gani ana nafuu kuliko asiyejua. Anayependa wino apake kwanza tabaka jembamba la vanishi, aliache likauke, aandike, kisha afunike kwa tabaka la pili, baada ya kujaribu kwenye kipande cha pembeni, kwani vanishi nyingine huyeyusha wino. Tena akumbuke kwamba mfenesi huanza na umanjano na kukolea kadiri miaka inavyopita, hivyo maandishi ya hudhurungi hufifia machoni.

Mpenzi wa mpingo
Kwenye mpingo moto haufai, kwa kuwa doa jeusi juu ya mti mweusi halionekani. Chongeni kwa ncha ya kuchongea ya umeme, kisha jazeni mfereji kwa nta iliyochanganywa na unga wa rangi ya dhahabu, na mfute inayobaki juu. Nimeona pia wanaopachika kisahani cha shaba kitakoni. Kinapendeza dukani, lakini kwa hewa yetu ya bahari shaba huota kutu ya kijani, kama wajuavyo wenye milango ya misumari ya shaba, na mti unapovimba na kunywea kwa misimu, kisahani hulegea.

Maalim wa Mkoani
Naongeza jambo moja ambalo halihusu kifaa. Wengi wetu tunaitwa Abdalla, Abdulrahman na mfano wa hayo, majina yaliyobeba ndani yake jina la Mwenyezi Mungu. Kitako cha chombo hukaa chini, na pengine chombo chenyewe huishia sakafuni, kwa hiyo naona ni adabu fundi mwenye jina kama hilo aandike herufi za mwanzo, jina la ukoo au alama aliyojichagulia.

Mkerezaji wa Chwaka
Ahsante, Maalim, hilo linanihusu, na nitatumia herufi za mwanzo. Mwembe na mfenesi nitaviandika kwa kalamu ya moto, na mpingo nitauchonga. Fundi wa Wete, chapa yako unaikalishaje kwenye kitako chenye mbonyeo?

Fundi wa Wete
Chombo kikiwa bado kwenye kerezo, acha duara bapa katikati ya mbonyeo, pana kidogo kuliko chapa, na ulisawazishe kwa patasi kabla ya msasa. Ukingo wa nje ubaki juu zaidi ili ndio ugusane na meza, na alama haitasuguliwa.