Naomba ushauri: picha ya bodaboda mwendoni, jua la mchana linazidi shata ya 1/30

Wakuu, habari. Zoezi la darasa linataka bodaboda itoke kali na nyuma yake pavutike mistari. Masharti: shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/30, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), saa 6 hadi 8 mchana, bila kuhariri.

Kwenye jua kali, ISO 100 na f/16 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua tundu linapungua) vinataka shata ya karibu 1/125. Kushuka hadi 1/30 kunaongeza stopu mbili za mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili), hivyo lazima kufunga mpaka f/32. Lenzi yangu ya 18-55 ikiwa 18mm inaishia f/22, picha inaungua kwa mwanga kuzidi. Nikivuta hadi 55mm f/32 ipo, ila tundu dogo hivyo linaua ukali, na vumbi la kwenye sensa linajitokeza kama madoa angani.

Polaraiza (kichujio cha lenzi cha kukata mng'ao) ninayo, inakula stopu moja na nusu hivi, inanibakiza karibu f/19. ND8 (kichujio cheusi cha kupunguza mwanga) ingekata stopu tatu, nirudi f/11.

Je, polaraiza inatosha, au ninunue ND8 ya 58mm? Za bei rahisi zinapotosha rangi kiasi gani? Na kitulizi cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko wa mkono) nikizime wakati wa kuifuata pikipiki? Hakina swichi ya kuchagua mwelekeo.